Vifungo Vyeupe Tisa

Mimi niliitwa Mzee Stoo hata kabla sijawa mzee. Miaka thelathini na mitatu nimeshika funguo za ghala la vipuri, na katika miaka yote hiyo hakuna mtu aliyewahi kuniulizia bolti akanikuta nakuna kichwa. Rafu ya nne, kopo la kijani, chukua, weka sahihi, nenda zako. Ndivyo nilivyo. Kila kitu kina mahali pake, na kisipokuwepo pale basi kuna mtu amekosea, na mtu huyo si mimi.

Kisha nikastaafu. Wakanipa saa ya ukutani na picha ya pamoja, nikarudi nyumbani kukaa. Na kukaa, jamani, ni kazi nzito kuliko watu wanavyodhani. Wiki ya kwanza nilipanga viatu. Wiki ya pili nikahamia jikoni, nikapanga sufuria kwa ukubwa, chumvi nikaitenga na sukari, vijiko nikavigawa makundi. Mke wangu alitafuta mwiko asubuhi nzima. Alipoupata alikuja akasimama mbele yangu, kaushika mkononi, akanitolea uvivu.

"Baba watoto, stoo yako ulishaikabidhi. Hii ni nyumba."

"Nilikuwa nakusaidia."

"Nisaidie kwa kukaa."

Akiniita baba watoto, ujue mambo bado si mabaya. Akiniita Mzee Stoo, kama wanavyoniita mtaani, hapo nimeharibu. Na ana utani wake mmoja ambao watu wote wa nyumba hii wanaujua kwa moyo. Mgeni akija, akisifia kumbukumbu yangu, mke wangu hucheka na kusema: "Muulize nati ya mwaka juzi, atakwambia ilikaa wapi. Muulize mkewe jana alivaa nini, atakwambia: nguo." Watu wanacheka. Mimi pia nacheka. Lakini nilikuwa nimeanza kuona kwamba yeye hacheki sana.

Mke wangu ni fundi cherehani. Ameshona magauni, sare za shule, mapazia, mito, hata kifuniko cha ngoma ya kwaya. Siku hizi macho yamechoka na magauni, anashona mablanketi ya viraka: anakata vitambaa vya nguo kuukuu vipande vya mraba, anaviunga, chini anatia bitana na katikati pamba. Chumba chake ni kile walicholala watoto zamani. Cherehani ya kukanyaga iko dirishani, kitanda kimoja cha watoto kimebaki ukutani, na nafasi yote iliyosalia, lo! Mifuko juu ya mifuko. Vitambaa vinachungulia kila mahali. Kopo la biskuti ambalo halijaona biskuti tangu tuoane, limejaa vifungo. Mkasi unauacha juu ya kiti, ukirudi uko chini ya pasi. Mtu kama mimi akipita mlangoni pale, damu inamchemka.

Kwa miezi mitatu alikuwa akifunga mlango wa chumba hicho kila anapotoka. Nikimuuliza kuna nini humo, ananijibu: "Kazi."

Basi binti yetu, kitinda mimba, akajifungua, mama yake akafunga safari kwenda kumsaidia siku tisa. Alhamisi asubuhi, begi begani, akanipa maagizo. Maua yamwagilie. Gesi ifunge ukimaliza kupika. "Na chumba changu usikiguse."

"Nikiguse nina kazi nacho?"

Akaniangalia jicho lile la fundi anayepima mtu kwa macho. Akaenda.

Nilijizuia siku mbili. Sikiliza, siku mbili nzima! Jumamosi kifungo cha shati langu kikakatika, nikaingia kutafuta sindano, kwa nia safi kabisa, nikajikwaa kwenye mfuko na kuanguka kifudifudi juu ya mabaki ya mapazia. Nikiwa pale chini nikatazama uvungu wa kitanda na nikasema, hapana. Hii si hali ya binadamu kuishi. Atarudi amechoka, akute chumba kinang'aa, aone kwamba mume kukaa nyumbani kuna faida.

Siku tatu nilifanya kazi kama niliyeajiriwa upya. Nikapigilia ubao ukutani, nikatia misumari safu kwa safu, nikatundika nyuzi zake kwa rangi, kutoka nyeupe hadi nyeusi. Nikachukua ubao mwingine, nikalaza juu yake mkasi mkubwa, mkasi mdogo, futi ya kupimia na rula, nikavizungushia penseli, ili kitu kikitoka umbo lake libaki pale na ujue nini hakipo. Ghalani tulifanya hivyo kwa spana. Zipu nikazikunja kwa urefu. Lastiki nikazizungusha kwenye vipande vya boksi. Vipande hivyo vya boksi nilivikata kwa mkasi wake mkubwa, na nitalirudia jambo hilo baadaye maana lilirudiwa kwangu.

Jumatatu nikafika kitandani.

Kitanda kilifunikwa shuka jeupe. Nikalifunua, nikakuta mafungu ya vitambaa yamelazwa safu sita, kila safu mafungu sita. Kila fungu ni kitambaa cha aina moja, vipande vimekatwa mraba, ukubwa wa kiganja. Juu ya kila fungu kulikuwa na vifungo vimetungwa kwenye uzi, vingine vyeusi vikubwa, vingine vyeupe vidogo. Nikatikisa kichwa. Nikajisemea, huyu mama, hata vifungo anavitawanya kwenye vitambaa! Nikakata nyuzi zote. Vifungo nikavirudisha koponi, vyeusi upande wake, vyeupe upande wake, katikati nikatenga kwa kadi. Mafungu nikayapanga kwa rangi ndani ya maboksi manne, nikabandika karatasi: MEKUNDU NA JAMAA ZAKE, BLUU, MENGINEYO, na la nne YASIYOELEWEKA. Kisha nikafua shuka.

Jioni ile binti yetu akapiga simu, akampa mama yake.

"Maua yapo?"

"Yamenawiri."

"Chumba changu hujaingia?"

"Nimepita mlangoni tu," nikasema. Na kusema kweli, mlango niliupita.

Jumanne mchana akaja msusi, jirani yetu wa ukuta kwa ukuta, rafiki wa mke wangu wa kupika na kupakua. Alifuata aproni yake aliyoacha kushonewa. Nikampeleka chumbani mwenyewe, kifua mbele, nisikie atakachosema. Alitazama ubao wa nyuzi akasema, "Wacha we, shemeji!" Nikazidi kuvimba. Akatazama mikasi na maumbo yake. Kisha akageuka kitandani, akaona godoro tupu. Akashika mdomo.

"Shemeji. Vilivyokuwa hapa viko wapi?"

"Vimo kwenye maboksi, kwa rangi."

"Na vifungo?"

"Koponi."

Alikaa kwenye kiti cha cherehani. "Mungu wangu! Vile vifungo ndivyo vilivyokuwa namba zake. Cheusi kimoja ni kumi, cheupe kimoja ni moja. Vyeusi viwili na vyeupe vitatu, ishirini na tatu. Hukuona?"

Mimi, mtu wa stoo, niliyefukuza vijana wawili kazini kwa kung'oa lebo, nilikuwa nimeng'oa lebo thelathini na sita kwa mkono wangu na kuzipanga kwa rangi.

"Namba za nini?" nikauliza, ingawa nilikuwa nimeshaanza kuogopa jibu.

"Za miaka yenu. Kila kitambaa ni mwaka mmoja wa ndoa yenu, shemeji. Gauni, pazia, shati lako, sare ya mtoto, chochote alichotunza. Mwaka wa kwanza kwenye kona ya kichwani, wa thelathini na sita kwenye kona ya miguuni. Miezi mitatu anavichagua. Kuna vitambaa amevitoa akavirudisha mara kumi. Hakuandika popote, anasema akiandika hatafikiri." Akafuta macho, sijui kwa kucheka au kwa kulia. "Ni blanketi la kitandani kwenu. Alisema mwanamume akistaafu huwa anaona baridi."

Nilijiona mjinga wa mwisho. Huyu mwanamke nilikuwa namwona anahangaika na matambara, kumbe alikuwa ananishonea mimi, na mimi nimeuzima moto wake kwa maji. Atarudi Jumamosi. Kama angekuta maboksi yale, angeweza kupanga upya, ndiyo, lakini moyo wake usingerudi mle ndani. Hilo nililijua. Nimeona mtu akiharibiwa kazi mara moja, anaacha kabisa.

"Mpigie umwambie," akasema msusi.

"Nimwambie kwa simu, yuko na mtoto mchanga mapajani? Nitavirudisha."

"Wewe?" Hakukusudia kunidharau, lilimtoka tu. "Shemeji, wewe unajua alivaa nini hata jana?"

Basi tukaanza. Msusi alihamia mtaani kwetu miaka saba iliyopita, na kwa miaka hiyo saba alinisaidia bila kusita, maana yeye nguo za watu anazikumbuka kuliko majina yao. Zambarau hii ni mwaka jana, kijani hii ni mwaka wa harusi ya binti yenu. Tukaweka mafungu saba chini, miguuni. Kisha akaenda kwa wateja wake akaniacha na mafungu ishirini na tisa na albamu ya picha.

Albamu ilinivusha mbali. Kitambaa cheupe chenye kung'aa, pindo la gauni la harusi, hicho hata kipofu angekijua: cha kwanza. Kijivu kizito ni ovaroli yangu ya kwanza, mwaka wa tatu, mwaka nilioajiriwa. Bluu ya sare, mwaka wa nane, kifungua mimba alipoanza shule akatoroka siku ya kwanza akarudi nyumbani kabla ya mama yake. Waridi laini la mwaka wa kumi na moja, kitinda amezaliwa. Nilikuwa nikipiga magoti kando ya kitanda kile, miwani puani, albamu mkono mmoja na kitambaa mkono mwingine, nikilinganisha mistari na maua kama mtu wa forodha. Kufika Jumatano jioni nilikuwa na mafungu ishirini na saba mahali pake. Tisa yakabaki. Tisa hayo hayakuwa kwenye picha yoyote.

Alhamisi nilikaa sakafuni, yale mafungu tisa mbele yangu, kichwa kitupu. Maneno ya mke wangu yakanijia: atakwambia, nguo. Iliniuma, na iliniuma kwa sababu nilidhani ni kweli. Miaka yangu yote ilikuwa mle ghalani. Ukiniuliza mwaka wa kumi na nne ulikuwaje, nitakwambia ndio mwaka upepo ulipoezua paa, tukahamisha vipuri kwa mikono siku nne, na mke wangu akaja na turubai la shangazi yake kichwani, amevaa...

Nikanyamaza hapohapo. Amevaa zambarau yenye vidoa vyeupe. Alifunga turubai lile kiunoni akapanda juu ya meza kunisaidia kulivuta. Fungu la vidoa vyeupe lilikuwa mbele ya goti langu la kushoto.

Ala! Nikajaribu tena, si kwa kumfikiria yeye, kwa kufikiria ghala. Mwaka wa pampu za bluu: alikuja na mwanangu anaumwa jino, kavaa sketi ya pundamilia. Mwaka niliopandishwa kuwa mkuu wa stoo: nilirudi nyumbani na barua, alikuwa ukumbini anafagia, kavaa shati langu la zamani la mistari ya kahawia, akautupa ufagio. Mwaka mbovu ule wa ukaguzi, sikula wiki nzima, alikuwa ananisubiri getini kila jioni na kanga moja nyekundu nyekundu, ileile, ili nimwone kutoka mbali. Vyote vilikuwemo. Nilikuwa nimevihifadhi bila kujua, kila nguo kwenye rafu yake, kati ya bolti na pampu. Nililia pale sakafuni, sikufichi. Mzee mzima, na kitambaa cha sketi mkononi.

Yakabaki mafungu mawili, na moja lilikuwa la njano lenye majani madogo ya kahawia. Hilo sikuhitaji hata kulifikiria. Mwaka wa tisa. Rafu mpya zilikuwa zimefika, bado hazijapakwa rangi, ghala lote linanuka mbao. Mimi nilikuwa nimesahau miwani nyumbani, na bila miwani vya karibu sioni kitu, lebo zote ukungu mtupu. Vya mbali naona mpaka leo kama mwewe. Kwenye saa sita nikachungulia katikati ya rafu, nikaona mwanamke getini, gauni la njano, upepo unalipeperusha, anacheka kwa jambo aliloambiwa na mlinzi. Nilisimama na boksi mkononi. Nilijiuliza kama mgeni, yule amekuja kwa nani? Na jibu lilikuwa, kwangu. Sijui nilisimama pale muda gani. Sikuwahi kumwambia mtu.

Nikaliweka fungu la njano nafasi ya tisa. Nafasi iliyobaki ikawa ya kumi na mbili, na kitambaa kilichobaki kikawa pazia la jikoni la mraba mraba. Vifungo sikuvitunga. Nilihisi sina haki.

Jumamosi nilimpokea kituoni, nikabeba begi. Njiani alinisimulia mtoto ana masikio yangu, maskini. Nilimwacha amalize. Tulipofika mlangoni, nikapiga moyo konde.

"Nimeingia chumbani mwako. Nimepanga."

Akasimama. "Umepanga nini?"

"Vyote."

"Na kitandani?"

"Na kitandani. Nilikata nyuzi za vifungo. Sikujua ni namba. Msusi akaniambia, nimejaribu kuvirudisha. Sijui kama nimepatia."

Alivua viatu, akaenda chumbani, akafunga mlango. Mimi nikabaki ukumbini na begi mkononi, sikulitua. Baada ya kitambo nikasikia mkasi ukikata kitu, kra, kisha ukasita.

"Nani kakata maboksi kwa mkasi wangu wa kitambaa mpaka ukawa butu?"

"Mimi."

"Mzee Stoo!"

"Naam."

"Ingia."

Nikaingia. Alikuwa amesimama kando ya kitanda, anapita safu kwa safu, kidole chake kinagusa kila fungu. Akabadilisha la kumi na sita na la kumi na saba. Akahamisha moja la miaka ya karibuni, hilo lilikuwa kosa la msusi, si langu, lakini nilinyamaza. Alipofika sketi ya pundamilia akanitupia jicho la pembeni, akaendelea. Kisha akarudi safu ya pili, akasimama.

"Hapa umekosea. Cha tisa ni pazia la jikoni. Hili la njano ni la kumi na mbili."

Katika miaka thelathini na sita sijawahi kumbishia mke wangu kuhusu kitambaa. "Hapana," nikasema.

"Hapana?"

"Ni la tisa. Mwaka wa rafu mpya. Uliniletea miwani."

Nikamsimulia yote. Rafu zisizo na rangi, mlinzi, upepo, boksi mkononi, na lile swali nililojiuliza. Alinisikiliza amenipa mgongo, mkono wake umetulia juu ya majani yale ya kahawia.

"Kwa hiyo ulikuwa unaniona," akasema.

"Tangu getini."

"Na nilipofika mbele yako, unakumbuka ulisema nini?"

Nilitafuta. Nilitafuta rafu zote za kichwa changu. "Sikumbuki."

"Ulisema, umechelewa." Sauti yake haikupanda hata kidogo. "Nilitembea kwa miguu saa nzima, juani. Mtoto nimemwacha kwa watu. Nimevaa gauni langu jipya, nimelishona usiku mbili, nikasema leo mume wangu ataniona. Ukachukua miwani, ukasema umechelewa, ukageuka. Nililia mpaka nyumbani."

Sijui nikuelezeje nilivyojisikia. Kama ningeweza kuingia ndani ya lile kopo la biskuti nikajifunika, ningeingia.

"Najua ni la mwaka wa tisa," akaendelea. "Nani atajua kama si mimi? Lakini kila nikilipeleka pale mkono unakataa. Ndiyo nikaweka pazia."

"Nilikutazama mpaka nikaona haya," nikasema. "Vijana walikuwepo. Nikasema neno la kwanza lililonijia mdomoni."

"Lilikuwa neno baya."

"Baya kabisa. Nisamehe, mama watoto. Nilikuwa nakutazama. Nilipaswa kukwambia siku ile, na kila siku baada ya siku ile."

Alipangusa uso kwa kiganja, haraka, kama anayeondoa uzi shavuni. "Nikusamehe lipi? La mkasi au la siku ile?"

"Yote mawili."

"La mkasi bado."

Akaligusa tena fungu la njano. Nilidhani atalihamisha. Hakulihamisha. Alilinyoosha kingo zake, akaliacha palepale, safu ya pili, la tatu kutoka ukutani. Kisha akanyoosha mkono juu ya ubao wangu, akachagua uzi mweupe bila kuutafuta, akatunga sindano, akanikabidhi pamoja na kopo la biskuti.

"Vyeupe tisa," akasema.

Nikavitunga mwenyewe, kimoja kimoja. Nikafunga fundo, nikampa. Akavihesabu upya, maana haniamini, akaviweka juu ya majani ya kahawia.

"Bado thelathini na tano," akasema. "Vuta kiti, baba watoto. Kaa."